Naomba ushauri: gari imeganda gia ya tatu, mashine ya kupimia inatoa kodi P0753

Wakuu, habari za leo. Niko Tanga, Chumbageni. Gari yangu ni otomatiki. Juzi nikitoka Muheza taa ya O/D OFF (ya overdrive, gia ya juu) ikaanza kumetameta, tangu hapo inaondoka kizito kama imebeba matofali. Mashine imesoma P0753, yaani hitilafu ya umeme ya solenoidi A (vali ya umeme inayobadilisha gia). Fundi anataka tushushe gia boksi nzima, mimi roho inasita.

Nimepima mwenyewe kwenye soketi ya gia boksi: ikiwa baridi napata omu 13, ikichemka mita haisomi kitu kabisa. Pini moja ina kutu ya kijani, chumvi ya huku mnaijua.

Je, solenoidi ndiyo imekufa, au waya wa ndani unaachia ukipata joto? Kuna aliyebadilisha kwa kufungua sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi) tu?