Miwani ya kuyeyushia shanga za kioo: ya jua, ya kijani ya weldi, au didimiamu?

Chupa_Tupu (Arusha)
Wakuu, habari za jioni. Nina wiki ya tatu nikiyeyusha kioo kwa tochi ya gesi. Natengeneza shanga, vijiti nakata kwenye chupa za bia. Mikono inaanza kuzoea ila macho ndiyo yananisumbua. Kioo kikishika moto kinatoa mwanga wa njano mkali hadi shanga yenyewe siioni, naona jua dogo tu kwenye ncha ya waya. Jana nazungusha nikijua iko duara, naitoa motoni nakuta imening'inia kama tone la asali.

Miwani ya jua ninayo. Jirani yangu fundi wa geti anaweza kuniachia ile ya kijani ya kuchomelea kwa gesi, namba 5 (namba ni kiwango cha giza). Halafu kuna hii inayoitwa didimiamu, hiyo mpaka niagize nje, na bei yake ukijumlisha nauli na ushuru si mchezo. Nianze na ipi?

Nondo_Kumi
Mkuu usijitese. Chukua kioo namba 11 kama chetu. Miaka kumi na mbili nachomelea, macho mazima.

MamaUshanga
Kaka Nondo, namba 11 ni ya weldi ya umeme. Kwenye tochi ndogo ya shanga hataona kitu, hata vidole vyake hatajua viko wapi. Na kwenye kazi hii kuona ndiyo kazi yenyewe.

Chupa Tupu, miwani ya jua iweke pembeni kabisa. Inapunguza mwanga wote kwa pamoja, wa njano na usio wa njano, kwa hiyo lile jua dogo litabaki pale pale, limefifia tu. Tena mboni inapanuka kwa sababu ya kiza, na miale ya joto isiyoonekana inaingia kwa raha zake, maana miwani nyingi za jua hazijatengenezwa kuizuia.

Mkaa_Erfurt
Nawasoma kutoka Ujerumani. Nadhani tunachanganya mambo mawili: kuona kazi, na kulinda jicho.

Ule mwanga wa njano ni sodiamu. Kioo cha chupa kina magadi mengi, oksidi ya sodiamu huwa takriban sehemu 13 kwa 100. Ikipata moto inawaka njano kwenye wimbi moja jembamba, nanomita 589. Kioo cha didimiamu kinakata hapo hapo na rangi nyingine nyingi kinaziachia. Ndiyo maana ukiivaa mwali unafifia ghafla na shanga inatokea, kingo zake zote unaziona. Kijani namba 5 haifanyi hivyo, inatia giza kote, ingawa miale ya joto inaizuia.

Lakini didimiamu nayo ina udhaifu: kwa miale ya joto haikusaidii sana. Na hiyo miale, ukiipokea miaka na miaka, ndiyo iliyowapa mafundi wa viwanda vya kioo mtoto wa jicho. Mwanakemia Mwingereza William Crookes alifanyia utafiti vioo vya kuwakinga kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

(Jina lenyewe linachekesha. Kwa Kigiriki ni "pacha". Walidhani ni metali moja, 1885 ikabainika kweli ni mbili, praseodimiamu na neodimiamu.)

Nondo_Kumi
Kwa hiyo avae zote mbili?

Mkaa_Erfurt
Inategemea anayeyusha nini. Kwa shanga ndogo za kioo laini kama cha chupa, wengi wanatumia didimiamu peke yake. Akihamia borosilikati, yaani kioo cha vyombo vya maabara, moto unakuwa mkali zaidi na kioo chenyewe kinang'aa kweupe. Hapo ndipo wanafunika didimiamu kwa kipande cha kijani namba 3, kile cha kuinua na kushusha. Nilikwenda Lauscha, mji wa mafundi wa kioo cha tochi, hao wanaotengeneza hata macho ya bandia tangu 1835. Kila mmoja na miwani yake, kulingana na kazi iliyo mezani.

MamaUshanga
Nakubaliana naye, ila naongeza la kwangu. Mimi nilianza na hiyo kijani ya namba 5, miezi minne. Nilikuwa nainama hadi pua inakaribia moto ili nione. Shingo iliuma kuliko macho. Kama huna hela sasa, afadhali namba 3 kuliko 5, lakini anza kuweka akiba ya didimiamu.

Na usisahau vipande. Kijiti cha baridi ukikiingiza motoni kwa pupa kinapasuka, na kipande hakichagui pa kwenda. Miwani iwe na ubavu uliofunikwa. Unaweza kupata didimiamu ya kioo au ya polikaboneti. Ya plastiki ni nyepesi na ngumu kuvunjika, lakini ukiifuta kwa pindo la kanga tu imekwaruzika. Yangu imejaa mistari, aibu tupu.

Bahari_Mbili (Mombasa)
Chungeni pia na feki. Mimi niliuziwa "didimiamu" kumbe ni miwani ya zambarau ya kwenda ufukweni. Siku hizi kabla sijatoa pesa nafanya hivi: naomba kiberiti cha gesi chenye mwali wa bluu na chumvi ya mezani. Nalowesha waya, nauchovya kwenye chumvi, nauweka motoni. Mwali unageuka njano. Ukitazama kupitia didimiamu ya kweli, ile njano inakufa, unabaki na mwali mwepesi wa bluu. Ukiona bado njano, hata kama imefifia, rudisha.

Chupa_Tupu (Arusha)
Asanteni sana. Hilo la chumvi nimelijaribu sasa hivi kwa miwani yangu ya jua na ile ya jirani. Zote mbili njano iko pale pale, ya jirani imekuwa njano ya kijani kijani kama embe bichi. Naagiza didimiamu, ya polikaboneti. Mpaka ifike nabaki na kukata vijiti.

Swali dogo: navaa miwani ya kusomea, +1.5. Naivaa chini yake au?

MamaUshanga
Agiza ile ya kuvaa juu ya miwani, fremu pana. Pima upana wa uso wako kwanza. Mimi sikupima, sasa ikishuka puani naisukuma kwa bega.