Ushauri: Sare ya harusi ya binti yangu inanipausha uso, nifanyeje?

Mama Tabata (mleta mada)
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mama wa miaka 58, mwalimu mstaafu, na Desemba hii, Mungu akipenda, namuoza binti yangu wa mwisho. Kamati imekwisha kupitisha sare ya kina mama, nayo ni satini ya kung'aa yenye rangi ya shampeni. Sina ugomvi na kamati, ila nilipojitanda kipande cha mfano begani na kusimama mbele ya kioo, niliona uso umepauka, mikunjo ya chini ya macho imejichora, na madoa ya mashavuni ambayo siku zote hayanisumbui yamejitokeza waziwazi. Mimi ni maji ya kunde, na nywele zangu zina mvi ambazo sizipaki dawa.

Dada zangu wananiambia kwamba mama mtu mzima anapendeza katika rangi zilizopoa, kama kijivu na ugoro. Nimezijaribu, na naona zinanizeesha zaidi ya hiyo shampeni. Naomba kujua kama tatizo ni rangi au ni kitambaa chenyewe, na kama ninaweza kubaki ndani ya sare bila kuonekana mgonjwa kwenye picha za mwanangu. Ibada ni saa nane mchana, na joto la Desemba hapa Dar mnalijua.

Fundi wa Sinza
Shikamoo mama, na hongera kwa kuoza. Kwa ninavyoona mimi, tatizo ni vyote viwili, lakini kitambaa kinabeba lawama kubwa kuliko rangi. Satini hufumwa kwa namna ambayo nyuzi zake hupita juu ya nyingine nyingi kabla ya kuzama, ndiyo maana uso wake huwa laini na hurudisha mwanga kwa pamoja, bila kuutawanya. Mwanga huo ukitokea kifuani humulika uso kutoka chini, na mwanga wa kutoka chini haumpendezi mtu wa umri wowote, sembuse aliyekwisha kupata mikunjo. Krepu ni kinyume chake: nyuzi zake zimesokotwa sana, kitambaa kina vipele vidogo vidogo, na mwanga ukigonga pale hutawanyika.

Kabla hujaenda kuomba kamati ibadili chochote, chukua hicho kipande ulichopewa ukigeuze. Satini nyingi za sherehe zinazouzwa hapa mjini ni zile ambazo mbele zinang'aa na nyuma ni krepu. Pitisha kidole upande wa nyuma. Ukisikia mkwaruzo mdogo na ukaona rangi imefifia mng'ao, umepona. Mwambie fundi wako akate kifua chote, shingo na mikono kwa upande wa nyuma, kisha sketi aiache upande unaong'aa. Kitambaa ni kilekile na rangi ni ileile, kwa hiyo hakuna atakayesema umetoka kwenye sare. Sisi mafundi tumeifanya kazi hiyo mara nyingi, na wateja wengi hudhani kwamba ni vitambaa viwili.

Bibi Upanga
Mwanangu, sare usiivunje, maana maneno yake hayaishi. Vaa hiyohiyo, halafu piga kilemba na mtandio wa rangi inayokupenda. Kinachokaa karibu na uso ndicho kinachoonekana, huko chini hakuna anayepatazama.

Mwalimu wa Sanaa
Naunga mkono hoja ya Bibi, tena kuna sababu ya kitaalamu nyuma yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, mahali panapofumwa mazulia ya ukutani. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwandani hazikuwa na nguvu. Alipochunguza aligundua kwamba rangi yenyewe haikuwa na kasoro, ila ilidhoofishwa machoni na rangi za buluu na zambarau zilizofumwa pembeni yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jinsi rangi mbili zinazopakana zinavyobadilishana sura.

Sasa tuje kwenye uso. Kadiri umri unavyosonga, tofauti kati ya ngozi na nyusi, macho na midomo hupungua, kwa kuwa nyusi hupata mvi na midomo hufifia. Shampeni kwa mtu wa maji ya kunde ni rangi ya jamaa moja na ngozi yake, tofauti ni kwamba imechujuka, kwa hiyo haiupi uso mpaka wowote, bali huufanya uonekane wa kijivu. Ugoro una kasoro hiyohiyo. Ushauri wa kuwavisha watu wazima rangi zilizopoa ni wa heshima zaidi kuliko wa macho, na mimi siukubali. Tafuta rangi iliyokolea bila kupiga kelele: damu ya mzee, zumaridi, zambarau iliyoiva, au buluu ya bahari ya kina. Zile zinazowaka sana, kama manjano ya fulana za waendesha bodaboda, ziache, kwa sababu hutupa rangi yake chini ya kidevu.

Jambo la mwisho ni kutochagua rangi chini ya taa za dukani. Omba ruhusa utoke na kitambaa mlangoni, uso ukiwa hauna poda, ukiweke chini ya kidevu na umwombe uliyefuatana naye akuambie anaona nini kwanza, kitambaa au macho yako.

Muuza Vitambaa, Kariakoo
Shikamoo mama. Wenzangu wamemaliza rangi, mimi nizungumzie joto, maana uso unaotiririka jasho hauokolewi na rangi yoyote. Satini nyingi za sare ni poliesta, na poliesta haishiki unyevu hata asilimia 1 ya uzito wake, ilhali pamba hushika takriban asilimia 8 na kitani hufika 12. Ukitaka uhakika, chomoa nyuzi chache pembeni uziwashe kwa uangalifu. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ikiwa ni poliesta, dai bitana ya pamba nyepesi, na usikubali bitana ya nailoni kwa sababu ya unafuu wa bei. Kwa kina mama ambao hedhi imekoma, ngozi huwa kavu zaidi na joto la ghafla huja bila hodi, kwa hiyo bitana hiyo ina kazi kubwa kuliko urembo. Lesi isiyo na bitana shingoni nayo huwasha, iepuke.

Mama Tabata (mleta mada)
Marahaba wanangu, na shikamoo Bibi. Nimekigeuza kipande na kweli nyuma kuna krepu. Nilikitoa kibarazani asubuhi, tofauti naiona hata bila miwani. Kamati imekubali kilemba na mtandio wa rangi tofauti mradi mama wa bwana harusi naye avae hivyo. Nimebaki na mawili: nichague damu ya mzee au zumaridi, na shingo ya gauni iweje?

Mwalimu wa Sanaa
Yajaribu yote mawili mlangoni kama nilivyoeleza. Yakilingana, chukua damu ya mzee. Itakaa vizuri na shampeni kuliko zumaridi, na mvi zako zitang'aa juu yake.

Fundi wa Sinza
Shingo iwe ya V isiyoshuka sana, kwa sababu iliyobana kooni huukata uso na shingo vipande viwili. Mtandio uwe wa jojeti, yaani kitambaa chepesi cha jamii ya krepu, unaolala wenyewe bila kubanwa kwa pini nyingi. Bitana ya pamba iloweke na kuianika kabla haijakatwa, la sivyo itaruka baada ya kufuliwa na kuvuta gauni zima. Na kitambaa kipeleke kwa fundi mapema, mama. Ikishafika katikati ya Novemba wengi wetu hatupokei tena kazi mpya.