Mafundi wa maguta hapa Mtwara, mmenibadilishia kila kitu isipokuwa kilichoharibika

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Guta langu limelala uani hapa Magomeni, leo siku ya nne, msimu wa korosho umepamba moto, na mafundi watatu wameshachukua shilingi 190,000 zangu kwa tatizo ambalo mwishowe nimelibaini mwenyewe kwa rula ya mwanangu na kipande cha chaki.

Ni guta la mizigo la matairi matatu, la cheni, si la shafti. Sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, ya mbele, ile ndogo inayotoka kwenye injini, ina meno 14. Ya nyuma, kwenye difu, pale katikati ya ekseli ya nyuma, ina meno 38. Cheni ni 428H, na namba hiyo imegongwa ubavuni mwa pingili, haihitaji elimu kuisoma. Nataja hili mapema kwa sababu fundi wa kwanza hakuisoma.

Kelele ilianza mwezi wa tisa. Nikiwa tupu haisikiki sana. Nikipakia barafu na samaki pale Feri, nikiondoka tu, krrr, kama mtu anatafuna mchanga, na kila baada ya muda kidogo inapiga "tak" moja kavu. Nikipandisha kilima cha Mikindani inazidi, nikiachia mafuta inapungua. Nikamweleza fundi hivyo hivyo, neno kwa neno. Hakuuliza hata swali moja. Hakulisukuma guta, hakuinama. Akasema cheni imechoka, nipe elfu 35.

Akafunga cheni mpya juu ya sproketi zile zile za zamani. Na cheni yenyewe ilikuwa 428 ya kawaida, siyo H. Hiyo H maana yake bati za pembeni ni nene, zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Mimi nabeba gunia sita, nane, unanifungia cheni ya pikipiki ya kwenda sokoni! Halafu akaimiminia oili chafu aliyoitoa kwenye injini ya mtu mwingine. Oili ile imejaa unga wa chuma na masizi. Ukipita nayo barabara ya mchanga ya kwenda Msimbati, mchanga unaganda kwenye cheni na mchanganyiko ule unageuka msasa.

Wiki mbili, kelele ikarudi.

Fundi wa pili ndiye aliyeniumiza. Huyu aliwasha injini, akakaza macho kama daktari, akasema, "Mzee, hizi ni beringi za giaboksi." Nikamuuliza amejuaje. Akasema uzoefu. Laki moja na elfu 40, pamoja na sili, oili na ufundi. Siku mbili gereji. Beringi za zamani nilizidai, ninazo hapa kwenye kopo. Nimezisafisha kwa mafuta ya taa, nimezizungusha kwa kidole: laini kabisa, hazichezi, hazikwaruzi. Zilikuwa nzima. Amenitolea beringi nzima na kelele ameiacha pale pale ilipokuwa.

Na kulikuwa na njia ya bure ya kujua, isiyochukua hata dakika tano. Zima injini, weka fri, yaani lisiwe kwenye gia yoyote, mtu alisukume guta huku wewe umeinama pembeni unasikiliza. Injini imezimwa, klachi haifanyi kazi, lakini cheni na ekseli vinazunguka. Kama krrr ipo, anza kutafuta huko kwenye cheni, sproketi na ekseli kabla hujafungua boliti hata moja ya injini. Nimefanya hivyo juzi na kijana wangu hapa uani. Krrr ilikuwepo, wazi kabisa.

Fundi wa tatu akaona cheni inalegea, akakata pingili mbili, akaunga, akakaza mpaka cheni ikawa kama waya wa simu. Elfu 15. Nikamwambia mbona imebana hivi, akanijibu, "Ikilegea itaruka, mzee." Sasa sikilizeni kilichotokea. Siku iliyofuata nilikuwa nje kidogo ya Nanguruwe, natoa korosho za mama mmoja shambani kuzipeleka ghala la chama cha msingi. Gunia sita. Nikabadilisha gia, nikasikia mlio kama wa fataki, guta likasimama. Cheni imeachia pale pale alipounga. Wingu limefunga kaskazini, mvua hiyo inakuja, na korosho ikilowa kila mtu hapa anajua inavyopokelewa ghalani. Yule mama alivua kanga yake ya pili akaongezea juu ya turubai langu. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejisikia vizuri zaidi. Tulipata guta jingine saa kumi na moja, ghala limefungwa.

Usiku ule nilirudi na cheni mkononi, sikulala. Kwanza klipu. Kiungio cha cheni kinafungwa na klipu yenye upande uliozibwa na upande ulio wazi kama mdomo. Upande uliozibwa unatakiwa uelekee cheni inakokwenda, ili ikigongwa na kitu isivuliwe. Alama kwenye bati zilionyesha kaifunga kinyume. Mtu anakula pesa kwa kazi ya kukaza cheni, hajui klipu inaangalia wapi!

Pili, kukaza. Asubuhi nikaazima cheni ya jirani, nikaifunga, nikapima ulegevu katikati ya upande wa chini: guta likiwa tupu, sentimita tatu. Nikapakia gunia sita za mchanga, nikapima tena. Karibu sifuri! Springi zikilala, ekseli inasogea na cheni inavutika. Kwa hiyo ukikaza guta likiwa tupu mpaka cheni isitikisike, likibeba mzigo linavuta shafti ya sproketi ya mbele, beringi yake na sili yake. Maana yake fundi wa tatu alikuwa anaziharibu zile beringi mpya nilizofungiwa na fundi wa pili. Na pima sehemu kadhaa huku ukizungusha tairi, kwa sababu cheni iliyolika ina mahali inabana na mahali inalegea. Unakaza kwa kufuata pale inapobana zaidi.

Halafu ile "tak". Nilirudisha cheni yangu, nikapaka pingili moja chaki, kijana akawa anasukuma taratibu. Nikaona "tak" haiji kwa kila mzunguko wa tairi. Ingekuwa hivyo ningeshuku beringi za ekseli au sproketi ya nyuma iliyopinda. Ilikuja mara moja tu kila cheni nzima ilipozunguka. Nikazikunja pingili moja moja kwa vidole, nikaipata: moja imegoma, haijikunji, kutu imeingia. Maji ya chumvi ya pale Feri hayo. Hii ndiyo ile cheni "mpya" ya wiki sita.

Na krrr? Sproketi, wakuu. Za mbele na nyuma zote mbili. Jino zima ni kama mlima mdogo, pande zote mbili sawa. Yangu yamelala upande mmoja kama pezi la papa, ya mbele yamekuwa ndoano kabisa. Ya mbele hutangulia kulika kwa sababu meno yake ni machache, kila jino linafanya kazi mara nyingi zaidi. Huna haja ya kifaa: shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ivute kuelekea nyuma. Ikinyanyuka mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Yangu ilinyanyuka zaidi ya nusu.

Kisha rula. Pingili ya 428, kutoka pini hadi pini, ni milimita 12.7. Ivute cheni inyooke, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 haifai tena. Yangu, wiki sita tu, 261! Bati hazikuvutika, kilicholika ni pini na bushi ndani ya kila pingili. Na imelika upesi hivyo kwa sababu ilifungwa kwenye meno mabovu: nafasi za meno hazilingani na za pingili, mzigo wote unabebwa na meno mawili matatu badala ya kugawanyika. Kukata pingili mbili hakurudishi kitu. Umefupisha cheni mbovu, basi.

Sproketi ya mbele, ya nyuma na cheni vinabadilishwa pamoja. Hilo tu. Fundi wa kwanza angelisema siku ile, ningelipa mara moja na nisingekuwa naandika haya.

Kuna jamaa kijiweni kaniambia niachane na cheni, nitafute mkanda, kwamba Uingereza kampuni ya Morgan tangu 2011 ilitengeneza gari la matairi matatu ambalo tairi lake la nyuma linazungushwa na mkanda wenye meno. Ni kweli, na mkanda hautaki oili. Lakini nao unapita kwenye puli zenye meno, nazo zinalika, na ukikazwa kupita kiasi unalia. Kokoto ikiingia kati ya mkanda na puli inautoboa. Fundi asiyepima cheni hatapima mkanda.

Fundi wa beringi, najua unapita humu. Sikutaji jina. Beringi zako za zamani ninazo kwenye kopo, njoo tuzizungushe wote mbele ya watu, kisha unirudishie hela ya ufundi. Simu zangu umeacha kupokea tangu Jumamosi.

Kwa wengine: natafuta seti kamili, cheni 428H, sproketi ya mbele meno 14, ya nyuma meno 38 yenye tundu sita za boliti. Maduka mawili hapa mjini wana ya mbele tu. Aliyeko Lindi au Masasi akiiona dukani anijulishe leo hii, nitatuma hela na nauli ya basi. Yule mama bado ana gunia kumi na moja shambani.