Tupeane uzoefu: uliyesomea uhandisi, ni nini kilikubakisha chuo kikuu na ni nini kilitaka kukung'oa?

Mwana wa Mchangani (mwanzilishi)
Asalaam alaykum wanajamii. Mtoto wa dada yangu amerejea kutoka Bara na begi lake baada ya mwaka wa kwanza wa uhandisi wa mitambo, na anasema harudi tena. Huyu si mjinga, kwani alitoka skuli ya Lumumba na alama nzuri za fizikia na hesabu, na ndiye aliyekuwa akiwasomesha wenzake mtaani. Nyumbani wazee wameshahukumu kwamba hakusoma, basi. Mimi nilipita njia hiyo hiyo na nawakumbuka wenzangu walioondoka wakiwa na vichwa vizuri kuliko sisi tuliobaki. Ndiyo maana nawaomba mliosomea uhandisi, muwe mmemaliza au mliishia njiani, mtueleze ilikuwaje. Tafadhali tusitaje jina la chuo wala la mhadhiri katika malalamiko.

Kijana wa Kengeja
Wa alaykum salaam. Umenikumbusha somo la uchoraji wa kihandisi. Sisi tuliotoka skuli za ufundi, mimi Kengeja na mwenzangu mmoja Mikunguni, tulikuwa tumeshashika rula ya T tangu sekondari. Kwa hiyo mhadhiri alipochora umbo ubaoni na kutaka lionyeshwe lilivyo mbele, juu na ubavuni, mkono ulikwenda wenyewe. Niliyekaa naye chumba kimoja alitoka skuli ya kawaida kule Micheweni, na kwa hesabu alikuwa akituacha mbali, lakini mbele ya karatasi ile alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Mistari ya vikatovikato, ile inayoonyesha kingo zilizojificha nyuma, aliiweka pasipo na kingo na kuiacha palipo nazo. Kila wiki karatasi yake ilirudi na wino mwekundu na neno moja tu, "Rudia", bila ya maelezo. Akaanza kusema kwamba yeye hakuumbiwa uhandisi.

Usiku mmoja nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakikata kwa kisu kufuata umbo la zoezi, nikachonga ngazi upande mmoja na tundu katikati, nikamtia mkononi. Nikamwambia akigeuze, afumbe jicho moja, achore anachokiona na asichore anachokidhania. Tulimaliza sabuni ya chumba kizima, ikawa tunafulia mazoezi ya wiki iliyopita, lakini kufikia mtihani alikuwa akichora bila ya kushika kitu. Leo ni mhandisi wa majengo.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba huko Marekani, katika chuo cha Michigan Tech, Sheryl Sorby na mwenzake walianzisha kozi ya namna hiyo tangu 1993. Wanafunzi wapya wa uhandisi hupimwa uwezo wa kugeuza maumbo akilini, na wenye alama ndogo hufundishwa kwa kuchora kwa mkono na kushika vipande vya kuunganisha. Waliopitia kozi hiyo walifanya vizuri zaidi katika masomo yaliyofuata, khasa wasichana, na wengi zaidi kati yao walibaki katika fani. Basi kumbe ni jambo la kufundishika, na sisi tulikuwa tukiliita kipaji.

Jozani
Sisi tulichonga muhogo. Naunga mkono kila neno.

Bint Jambiani
Mimi nitasema la maabara. Katika darasa letu la umeme wasichana tulikuwa wachache mno, na mhadhiri, kwa nia njema, akatugawa mmoja mmoja kila kundi ili tusijitenge. Matokeo yake ni kwamba katika kila kundi msichana alikabidhiwa daftari. Nilimaliza mwaka mzima nikiwa na mwandiko unaosifiwa na kila mtu, na sikuwahi kugusa kitufe cha osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Nikinyoosha mkono kwenye waya naambiwa, "Dada, wewe andika, maandishi yako yanasomeka."

Mwaka wa pili akaja fundi wa maabara, mtu mzima wa Makunduchi ambaye hakuwa na shahada ila alikuwa na akili ya kazi. Alibandika mlangoni karatasi yenye majina na zamu: wiki hii fulani anaunganisha, fulani anapima, fulani anaandika, wiki ijayo mnabadilishana, na kundi lisilofuata zamu ripoti yake haitiwi saini. Hakuhutubia juu ya haki za wanawake hata mara moja. Saketi yangu ya kwanza ilikata fyuzi na maabara nzima ikacheka. Yeye akanipa fyuzi nyingine akasema, "Haya, ndiyo kazi yake kukatika." Nilibaki katika fani hii kwa sababu ya karatasi ile ya zamu.

Kokoto
Dada yangu, nakuheshimu, lakini hakuna aliyewafunga mikono. Aliyetaka kushika alishika. Na tukisema kweli, wapo walioingia kwa kupunguziwa alama, halafu wanataka na maabara wapewe kwa zamu.

Bint Jambiani
Kaka Kokoto, hilo la alama umelisikia maskani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na kozi ya awali kwa wasichana waliotimiza kiwango cha chini kinachotakiwa kujiunga na uhandisi lakini hawakufika alama za ushindani. Walisomeshwa hesabu na fizikia kwa wiki kadhaa, wakafanyishwa mtihani, na walioupasi wakaingia darasani kufanya mitihani ile ile mliyoifanya nyinyi. Ikiwa huo ndio upendeleo, basi na ile twisheni uliyolipiwa na baba yako tangu kidato cha tatu tuiite jina hilo hilo. Na kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, iliyofunguliwa hapa kwetu Zanzibar 2023, mkurugenzi wake wa kwanza ni Preeti Aghalayam, mhandisi wa kemikali na mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT. Sijui yeye alipunguziwa na nani.

Mzee wa Kaskazini
Nanyi msiende mbali. Pale Kinyasini, katika kituo cha Barefoot College, akina mama wa vijijini ambao baadhi yao hawakusoma skuli wanafundishwa kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, na wanarudi kuwasha taa vijijini mwao. Wanafundishwa kwa kushika, siyo kwa kunakili ubaoni.

Kokoto
Hao ni mafundi, mzee wangu, si wahandisi. Tusichanganye mada.

Mzee wa Kaskazini
Mwanangu, taa ya nyumbani kwako ikizimika unamwita nani?

Ummu Ilham
Nimekuwa nikisoma kimya, lakini habari ya kubaki na kuondoka imenitonesha, nami nina kisa ambacho sijawahi kukiandika popote.

Niliolewa katika likizo ya mwaka wa pili, na mtihani wa mashine za umeme wa mwaka wa tatu ulinikuta na mimba ya miezi tisa. Kabla ya mitihani nilikwenda ofisini kuomba niahirishiwe mtihani mmoja tu. Nikaambiwa kwamba kanuni inaruhusu kuahirisha mwaka mzima, na kwamba habari ya mtihani mmoja haimo. Kuahirisha mwaka kulikuwa na maana ya mkopo kusimama na mimi kurudi Wete, ambako suala la kurejea Bara na mtoto mchanga lisingejadiliwa hata. Basi nikaingia mtihanini.

Swali la kwanza lilikuwa la transfoma, ukokotoe hasara ya kiini na hasara ya shaba, yaani umeme unaopotea katika chuma chake na katika nyaya zake, kutokana na vipimo ulivyopewa. Uchungu ulinianza nikiwa kwenye hasara ya shaba. Ukumbini kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, nami nikawa ninaandika pembezoni mwa karatasi ya rafu kila wakati uchungu ulipokuja, ili nijue umekaribiana kiasi gani. Ulipofikia kuja kila baada ya dakika tano nilikuwa nimeingia swali la nne. Msimamizi akaiona ile safu ya namba, akadhani nimeingia na majibu, akaichukua karatasi na kuniamrisha nitoke nje. Nikasimama, na chupa ikapasuka pale pale, mbele ya ukumbi wa wanaume watupu.

Yule msimamizi alitoka mbio. Jengo zima la uhandisi halikuwa na mwanamke mtu mzima, si mhadhiri wala karani, kwa hiyo alirudi na mama wa kantini, mikono yake ina unga. Yule mama alinifunga kanga yake, akanipandisha kwenye gari ya karakana iliyokuwa imepakia mabomba, akakaa nami nyuma mpaka hospitali. Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri, salama.

Kisa hakikuishia hapo. Kwa kuwa nilikuwa nimeshatia saini fomu ya mahudhurio, nilihesabiwa kwamba nimefanya mtihani, na karatasi yangu ya maswali matatu na nusu ikasahihishwa vivyo hivyo. Nikapewa sapu, yaani mtihani wa kurudia, pamoja na barua ya kunitaka nijieleze kuhusu ile safu ya namba. Nilijieleza kwa kuambatanisha tangazo la kizazi. Sapu niliifanya mama yangu akiwa nje ya ukumbi na mtoto, na nilipotoka kunyonyesha, aliyenifungulia mlango ni msimamizi yule yule. Nilifaulu. Lakini nawajua wawili walioondoka kwa kanuni ile ile, na katika orodha za chuo wameandikwa kwamba waliacha masomo kwa hiari yao.

Jozani
Subhanallah. Mtoto mlimpa jina gani? Msiniambie Transfoma.

Ummu Ilham
Jina ninalotumia humu linatosha kukujibu.

Kijana wa Kengeja
Mama wa kantini apewe shahada ya heshima.

Kokoto
Hapa nimenyamaza. Ila huyo msimamizi naye alikuwa na haki ya kuishuku ile karatasi.

Bint Jambiani
Umenyamaza kwa sentensi moja tu.

Mwana wa Mchangani
Jamani, turudi kwenye mada. Upande wa ufundishaji je?

Maalim Mstaafu
Nimesomesha uhandisi wa umeme kwa muda mrefu, na nitasema niliyoyaona. Wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza si wote wazito wa kufahamu. Wengi ni wale wanaosoma peke yao. Kijana wa Kizanzibari anayefika Bara akiwa peke yake kutoka skuli yake hujifungia chumbani, anakokotoa mpaka usiku wa manane, anakwama hatua ya tatu, na hana wa kumuuliza kwa sababu anaona haya. Wenzake waliotoka skuli moja wanakaa pamoja, wana madesa, yaani maandishi ya masomo wanayopeana, na wanajua mhadhiri yupi hutungia wapi.

Jambo hili lilichunguzwa na Uri Treisman katika chuo cha Berkeley, California, miaka ya 1970. Wanafunzi weusi waliokuwa wakifeli hesabu walikuwa na bidii na familia zao zikiwahimiza, lakini kila mmoja alisoma kivyake, ilhali wenzao wenye asili ya China walikutana jioni na kusahihishana. Hakuwapa masomo ya kurudia mambo mepesi. Aliwaweka pamoja na kuwapa maswali magumu kuliko ya darasani, na matokeo yakabadilika. Kwa Kizanzibari ningesema aliwafungulia darsa.

Upande wa mhadhiri, Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu wakazichapisha 2014. Mahali ambapo mwalimu anahutubu tu, walifeli kwa wastani asilimia 33.8, na mahali ambapo wanafunzi wanafanyishwa kazi ndani ya kipindi, asilimia 21.8. Darasa la watu mia, hao ni watu 12 wanaorudi kwao kwa sababu ya namna ya kusomeshwa.

Mimi nilikuwa nikianza somo la usafirishaji wa umeme kwa kuwauliza wanafunzi wetu walikuwa wapi 2008, Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Kila mmoja alikuwa na la kusema: maji ya mferejini yalikatika, hoteli zikaendeshwa kwa majenereta, mishumaa ikapanda bei. Kisha nawapa namba: waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba uliwekwa 1980 na uwezo wake ni megawati 45. Kokotoeni, kwa makundi, ni lini matumizi ya kisiwa yangeupita uwezo huo ikiwa yanakua kwa kiwango hiki au kile, na mniambie mngefanya nini mngekuwa ndio shirika. Baada ya hapo nawaambia kwamba waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, na wanaanza kubishana kama unatosha. Mwanafunzi aliyekuwa hafungui mdomo darasani alinitolea hesabu ya majenereta ya nyumbani kwao Fuoni.

Mkunazini
Maalim, na lugha je? Mimi ufahamu wangu ulifunguka katika semina za jioni tulizofanya kwa Kiswahili, kisha tukaandika majibu kwa Kiingereza.

Kokoto
Na kwenye usaili wa kazi utaulizwa kwa lugha gani? Mnawadekeza.

Maalim Mstaafu
Mwanangu Kokoto, kwanza afahamu, kisha aseme kwa lugha anayotakiwa. Hayo mawili yana mpangilio.

Mvuna Karafuu
Mmesahau ada. Mwaka ambao karafuu hazikuzaa, nilizuiwa mlangoni mwa ukumbi wa mtihani. Sikuwa na tatizo la kuona maumbo wala la kusoma peke yangu, nilikuwa na tatizo la risiti.

Jozani
Kweli tupu.

Mgeni Bumbwini
Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni msichana, nimechaguliwa uhandisi wa ujenzi mwaka huu. Ninunue ubao wa kuchorea au nijikusanyie kompyuta?

Kijana wa Kengeja
Marahaba. Nunua ubao, mkono kwanza.

Kokoto
Ubao ni wa zamani, siku hizi kila kitu ni programu. Nunua kompyuta, tena yenye nguvu.

Mvuna Karafuu
Usinunue chochote kabla ada haijaingia.

Jozani
Tafuta kundi la kusoma siku ya kwanza.

Mkunazini
Kundi chagua kwa makini, mengine ni ya kupigia soga.

Ummu Ilham
Mdogo wangu, kabla ya yote kachukue kitabu cha kanuni za mitihani ofisi ya usajili, na sehemu ya kuahirisha uisome kwa utulivu ukiwa bado huna shida nayo.

Mgeni Bumbwini
Ahsante dada. Na kompyuta je?

Kokoto
Nimeshakwambia ununue.

Kijana wa Kengeja
Asinunue.