Jina la ukoo "Cooper" lina maana gani? Babu yangu alikuwa Mgogo wa Kongwa

Mjukuu wa Mlali:

Mbukwenyi wakuu.

Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, na fomu ya cheti cha kuzaliwa iko mezani toka Jumanne. Jina la kwanza tumeshakubaliana. La tatu ndilo limetukwamisha.

Mimi naitwa Emmanuel Yohana Cooper. Ni Mgogo wa Mlali, Kongwa, mweusi tii, nafanya udalali wa alizeti pale Kibaigwa. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Kuppa. Cha darasa la saba, Kupa. Kitambulisho cha taifa, Cooper. Mwaka juzi ofisi moja mjini Dodoma ilinirudisha mara tatu kwa ajili ya hizo herufi, mwisho nikaambiwa niende kwa wakili nikaape kwamba watu hao watatu ni mimi mmoja. Nikalipa, nikaapa. Benki nako dada wa dirishani aliita "Emmanuel Kupa!", mzee mmoja kwenye foleni akadakia, "Kumpa nini?" Watu wakacheka mpaka mlinzi akachungulia. Vijana wa stendi wao wananiita Mini, sababu ya lile gari la Mini Cooper.

Ninachojua nyumbani ni kwamba babu alifanya kazi kwenye Mradi wa Karanga wa Mwingereza, ule ulioanza 1947 na kufa 1951. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ndahani. Baba mdogo anasema babu alichukua jina la bosi wake mzungu. Sasa naomba kujua, hawa akina Cooper huko kwao ni watu gani? Ukoo wa mabwana wakubwa? Wako wengi? Sitaki kumbebesha mwanangu jina la mtu aliyekuwa akimfokea babu yangu juani.

Naomba kuwasilisha.

Kiboko wa Nkuhungu:

Mini, hongera kwa mtoto. Mimi sina elimu ya majina, ila ukishindwa muite Emmanuel Mdogo, mambo yaishe.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa:

Emmanuel mwanangu, hongera, Mungu amkuze.

Ondoa wasiwasi wa mabwana wakubwa. Cooper maana yake ni fundi mapipa. Basi. Ni mtu aliyekaa kwenye kibanda chenye moshi akiunga mbao kutengeneza pipa, ndoo na beseni. Waingereza wana majina mengi ya namna hiyo: Smith ni mhunzi, Taylor ni fundi cherehani, Baker mwoka mikate. Hata Hooper ni jirani yako wa karibu, huyo alikuwa anafunga zile pete za pipa. Ni sawa na sisi tunavyosema Juma Baiskeli au Mzee Cherehani, tofauti ni kwamba kwao jina lilinasa likarithiwa hata na mjukuu asiyejua kushika nyundo.

Kwa nini lilinasa? Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Majina ya ukoo yakaenea polepole katika miaka mia mbili, tatu iliyofuata, na makarani walisaidia sana. Serikali ilipotoza kodi ya kichwa mwaka 1377, 1379 na 1381, kijiji kimoja kilikuwa na akina John kumi. Karani ataandikaje? John fundi mapipa, John wa mtoni, John mwana wa Robert. Wazee wetu waliohesabiwa kwa kodi enzi za Mjerumani na Mwingereza wangeelewa jambo hili bila kufundishwa.

Neno lenyewe halikuzaliwa Uingereza. Lilitoka kwa majirani zao wa ng'ambo ya bahari, Waholanzi na Wajerumani wa kaskazini, nao walilitoa kwenye Kilatini, *cupa*, yaani pipa. Mholanzi mwenye jina Kuiper ni fundi mapipa huyo huyo. Na hapa ndipo nacheka peke yangu: neno letu *kopo* tulilipata kwa Wareno, nao wana *copo*, lililotoka kwenye shina hilo hilo la Kilatini. Kwa hiyo kopo la kuogea hapo kwako ni ndugu wa mbali wa jina lako. Hata *pipa* tumelitoa kwa Mreno.

Kuhusu wingi: wengi mno. Liko ndani ya majina hamsini ya juu Uingereza, na Marekani limo katika mia ya kwanza. Smith ndiye kinara kotekote. Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 ilihesabu akina Smith zaidi ya milioni 2.4.

Na tahajia isikunyime usingizi. Kuna mshairi wao, William Cowper, aliyefariki mwaka 1800. Aliandika hivyo, akatamka Kupa. Wenye lugha yao wenyewe wameshindwa kukubaliana.

Ngumi Mkononi:

Mwalimu umesahau bondia Henry Cooper! Mwaka 1963 pale Wembley alimwangusha Cassius Clay, huyu huyu Muhammad Ali, kwa ngumi ya kushoto. Raundi ya tano Clay akashinda kwa sababu Cooper alipasuka juu ya jicho, damu haikatiki. Lakini alimwangusha. Mimi ningempa mtoto hilo jina kwa sababu hiyo tu.

Zabibu Hombolo:

Nalima zabibu, kwa hiyo mapipa nayaonaonea. Mvinyo wetu mwingi unakaa kwenye matangi ya chuma, lakini mtengeneza mvinyo mmoja aliwahi kunionyesha pipa halisi la mwaloni. Nililizunguka mara mbili nikitafuta msumari. Hakuna. Gundi hakuna. Ni mbao zilizochongwa pana katikati, nyembamba ncha zote mbili, zikapashwa moto mpaka zikubali kupinda, kisha zikabanwa na pete za chuma. Likiwa kavu linavuja. Ukilijaza maji mbao zinavimba, zinabanana zenyewe, linatulia kimya. Nililigonga kwa kidole likaitika kama ngoma. Anayeweza kazi hiyo si mtu wa kudharau.

Mjukuu wa Mlali:

Asanteni sana. Mwalimu, shikamoo.

Jana usiku nilimpigia shangazi, dada mkubwa wa baba, yuko Mlali mpaka leo. Nikamwambia jina letu maana yake fundi mapipa. Kwanza akanyamaza. Kisha akasema, "Nyie watoto hamuulizi." Bosi mzungu anayeitwa Cooper yeye hajawahi kumsikia. Anachokijua ni alichosimuliwa na bibi: Kongwa maji yalikuwa shida kubwa, yanasombwa kwa mapipa, na mapipa yanatoboka kutwa. Babu alikuwa kijana wa karakana, kazi yake kuziba matobo kwa lami na vipande vya bati. Wazungu wa pale wakawa wanamwita hivyo kwa utani, "Cooper! Cooper!" Mradi ulipokufa wakaondoka, jina likabaki kijijini.

Baba mdogo nimemwambia, amekataa katakata. Anasema bosi alikuwepo na alikuwa na ndevu nyekundu.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa:

Marahaba mwanangu. Mapipa ya babu yako yalikuwa ya chuma, na fundi wa Kiingereza angekuambia hiyo si kazi ya cooper hata kidogo. Lakini utani hauna sheria. Mimi namwamini shangazi. Ndevu nyekundu zinanitia shaka.

Ila angalia jambo moja. Kwa desturi yetu ya majina matatu, mtoto huchukua jina lake, la baba na la babu. Mwanao angekuwa fulani Emmanuel Yohana, na Cooper linaishia kwako. Mwingereza hana shida hiyo, jina lake la mwisho halisogei. Wewe lazima uamue, halitabaki lenyewe.

Mjukuu wa Mlali:

Mke wangu naye alitaka Yohana, kwa hoja hiyo hiyo. Leo asubuhi nimejaza Cooper, herufi sita, o mbili, nikamsomea karani moja moja akiandika. Mama watoto amenuna kidogo, chai nimejimiminia mwenyewe.

Shangazi kasema pipa moja la babu bado lipo nyuma ya zizi, wanawekea pumba, na viraka vyake vinaonekana. Jumamosi naenda Mlali. Nikilikuta naweka picha hapa.