Ndo nimetua Guangzhou kufata mzigo wa mikoba, nyie mara ya kwanza mliuonaje huu mji?

fremu_ya_kona:
Habari zenu wakuu. Niko Guangzhou, China, nimefata mikoba ya kike na mabegi ya shule, nauza Kariakoo na miaka yote nilikuwa naagiza kupitia mtu, safari hii nikasema nije mwenyewe nijue bei ya huku ikoje. Mji umenishtua, na sio maghorofa maana hayo nilishayaona sana kwenye picha, kilichonishtua ni ukimya. Pikipiki zimejaa ila husikii mlio, zote za umeme, zinapita ubavuni kwako hadi njia ya waenda kwa miguu, usipogeuka unagongwa. Wanasema pikipiki za mafuta zilipigwa marufuku mjini tangu 2007. Halafu hela mkononi hakuna anayeishika, hata bibi anayeuza viazi vitamu vya kuchoma kaning'iniza karatasi yake ya kuskani kwa simu ulipie. Treni ya chini ya ardhi nayo kila stesheni begi linapitishwa kwenye mashine, na watu wanapanga foleni bila kunung'unika.

Ila kwenye kazi yenyewe nimeanza kuingiwa na wasiwasi. Nimezunguka masoko ya ngozi ya Baiyun kule Sanyuanli hadi miguu inawaka moto, ghorofa juu ya ghorofa mikoba tu, na muuzaji hata hakusemeshi, anakuandikia bei kwenye kalkuleta anarudi kwenye simu yake. Kwetu mteja anakaribishwa, anavutiwa kiti, ataulizwa na habari za nyumbani. Sasa wenye uzoefu nisaidieni, hii ndo kawaida yao au wananiona mgeni tu?

mzee_wa_kontena:
Mkuu hongera kwa kwenda mwenyewe. Hawakudharau hao. Yule unayemkuta kwenye fremu mara nyingi kaajiriwa tu, kutwa nzima wanapita watu wa nchi zote wanauliza bei na kuondoka, kwa hiyo anasubiri kusikia kitu kimoja, unachukua pisi ngapi. Wewe anza na idadi, iandike kwenye kalkuleta kabla hujaulizia bei, utaona anavyoinua uso na kiti utapewa.

Na ukikubaliana usilipe yote. Wengi wanakubali asilimia 30 ya kuanzia, inayobaki unamalizia mzigo ukiwa tayari na umeukagua kwa macho yako. Fungua zipu, vuta mikanda, angalia mishono ya ndani, maana sampo ya ukutani ni kitu kimoja na mzigo unaotoka kiwandani unaweza ukawa kitu kingine kabisa. Halafu mikoba ni myepesi ila inakula nafasi na meli inakuchaji kwa cbm, yaani mita za ujazo, waambie mapema madogo yaingizwe ndani ya makubwa na wasiyajaze makaratasi. Hapo ndo faida yako ilipo, watu wanabishania yuan mbili dukani halafu wanalipia hewa kwenye kontena. Ukipata nafasi fika Shiling kule Huadu, ndo kwenye viwanda vyenyewe vya mabegi.

bint_kisauni:
Salaam aleikum. Mimi niko Mombasa, naleta vitambaa kutoka soko la Zhongda. Ndugu yangu usiuhukumu mji kwa soko la jumla, pale kila mtu yuko mbioni. Amka asubuhi uende kwenye mkahawa wa chai, utawakuta wazee na wajukuu zao, birika mezani na visahani vya vitafunwa vya mvuke, wanakaa saa nzima wanaongea. Mtu akikumiminia chai gonga meza kwa vidole mara mbili tatu, ndiyo shukrani yao, mimi mwenye kiwanda alinichangamkia kwa hilo tu. Kama ni Muislamu, Ijumaa nenda msikiti wa karibu na stesheni kuu ya treni, penye kaburi linalosemekana ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas, utakutana na watu wa kwetu wengi na habari za mawakala wa mizigo utazipata hapo hapo. Chakula cha halali tafuta mtaa wa Xiaobei.

kijiweni_ilala:
Naongezea kwa mwenye mada. Xiaobei ya sasa sio ile ya kabla ya 2020, Waafrika wamepungua sana, kwa hiyo usitegemee kila kona utamkuta mswahili wa kukutafsiria, jiandae na programu ya kutafsiri kwenye simu. WhatsApp kwa intaneti ya kule haifunguki ila ukitumia laini ya nyumbani ikiwa kwenye roming inafunguka. Kadi ya Visa unaweza kuiunganisha na Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, keshi baki nayo kidogo ya dharura. Mimi cha kwanza kunigusa kule kilikuwa usafiri, treni yao ya chini ya ardhi ilianza 1997 na mabasi ya mwendokasi 2010, unatoka soko hili kwenda lile unajua kabisa utafika saa ngapi. Nakumbuka niliumia moyoni nikiwaza saa tunazopoteza pale Jangwani, Dar, mvua ikinyesha.

fremu_ya_kona:
Asanteni sana wakuu, mmenitoa mbali. Leo nimeanza na idadi kama mzee alivyosema na kweli dada wa dukani kanivutia kiti, akanitolea na rangi ambazo hazikuwa ukutani. @mzee_wa_kontena hiyo Shiling naweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na nikifika nahitaji mkalimani au kalkuleta inatosha?

mzee_wa_kontena:
Kwenda na kurudi inawezekana, toka asubuhi. Kiwandani chukua mkalimani, pale mtaongelea aina ya kitambaa, unene wa mkanda na tarehe ya kumaliza, kalkuleta haisemi hayo.