Naomba ushauri: uwiano wa chembe nyeupe za damu kwa mgonjwa wa saratani ya koo, hatua ya kwanza

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nipo Newala, Mtwara. Baba mdogo sauti ilianza kukwaruza msimu wa korosho, tukasema ni vumbi. Sasa hata kuita kuku anapiga makofi. Kinyama kilichopimwa kimeonyesha saratani kwenye nyuzi za sauti, hatua ya kwanza, na tumeandikiwa kwenda Ocean Road, Dar, kwa mionzi.

Kinachoninyima usingizi ni karatasi ya damu. Neutrofili 6.3, limfosaiti 1.4 (zote mbili ni aina za chembe nyeupe). Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 4.5, na nimesoma kwamba uwiano huo ukiwa juu, matokeo ya matibabu huwa mabaya zaidi. Lakini siku anatolewa damu alikuwa na jeraha la jembe mguuni, linatoa usaha kabisa, na najua maambukizi yenyewe hupandisha neutrofili. Sigara pia hupandisha, naye kavuta tangu ujanani.

Wenye uzoefu, hasa wauguzi na waliouguza: je, tuombe damu irudiwe kidonda kikipona, au tusafiri tu? Mimi naona mionzi isisubiri. Na je, namba hii daktari huitumia kweli kupanga matibabu, au anaangalia hatua ya uvimbe? Baba mdogo bado sijamwambia.